Chakula cha Umakant

Kunguru alikuwa na nguvu kuliko tulivyodhani, na mwili wake ulikuwa wa moto. Filbert alimkumbatia ndani ya sweta lake la shule, kidevu amekiinua juu asije akadonolewa macho, na damu ilikuwa inamtiririka kutoka kwenye dole gumba mpaka kwenye kiwiko. Hakulia. Mdogo wangu huyo, aliyekuwa analia hata akikatwa kucha, siku ile alipanda ngazi za jengo letu la Mchafukoge kimya kimya, kwa sababu juu ya paa kulikuwa na mtu ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, na asingetia mpaka ndege huyo ale kwanza.

Rafiki yetu Khalfani alitangulia kutusafishia njia. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika ncha ya uzi tuliomfunga mguuni. Kwenye ghorofa ya pili tukamkuta Mama Badria amekaa kizingitini anapepeta mchele. Akalitazama sweta. Sweta likalia kwaa. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika ngazini.

"Mnampelekea nani hiyo laana?"

Filbert hajui kudanganya hata leo, na ni mtu mzima. Akajibu, "Bibi Harshida. Anamsubiri."

Maneno hayo nimeyarudia kichwani kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Yalikuwa ya kweli tupu, na ndiyo yaliyomtoa bibi yule nyumbani kwake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, hakuna hata mmoja wetu ambaye angethubutu kulitaja jina lake. Kwanza hatukulijua. Tulimwita Bibi Kunguru, na tulimwita hivyo kwa kunong'ona. Alikaa peke yake ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko lake, jirani na mlango wa kutokea paani. Sisi tulikaa ghorofa ya kwanza, chumba kimoja watu watano, pazia katikati: upande huu Baba, Mama na mtoto wa kunyonya, upande wa pili mimi na Filbert kwenye kitanda kimoja, yeye kichwa miguuni kwangu, miguu yake usoni kwangu. Tulikuwa tumetoka Masasi nikiwa bado mdogo. Baba alikuwa na meza ya mabegi ya shule Mtaa wa Kongo, na kila jioni alirudi na mabegi yaliyosalia, akayapanga mpaka juu ya kabati, hivyo tulilala tumezungukwa na mabegi ambayo sisi wenyewe hatukuwa nayo.

Bibi Kunguru alivaa nyeupe siku zote. Hakununua samaki kwa wapitao, wala hakutoka kukaa barazani na wanawake wenzake. Watu walimletea mafurushi, wakayaacha kwa Shukuru, msimamizi wa jengo, na Shukuru akayapandisha juu. Baada ya siku kadhaa mafurushi yakashuka tena, madogo zaidi. Khalfani, ambaye baba yake alikuwa fundi saa na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa uongo, alituambia kuwa ndani ya yale mafurushi mlikuwa na nguo za watoto waliopotea sokoni. Watoto wenyewe alishawageuza. Ndio hao kunguru. Kama hamwamini, alisema, subirini msimu wake ufike, mtamsikia anawaita, na wao wanakuja mbio kama walioitwa na mama yao.

Kweli msimu ukafika, na kweli tukamsikia. Mchana kweupe, jua la utosi, sauti ya kizee kutoka paani ikiita kwa lugha tusiyoijua, na kunguru wa Mchafukoge nzima wakashuka juu ya jengo letu mpaka kivuli chao kikapita uani. Mama aliacha kufua akafanya ishara ya msalaba. Mama Badria akatoa kauli yake kwamba jengo limeingiliwa. Tangu siku hiyo tukakatazwa kupita ghorofa ya pili, isipokuwa maji yakikatika, maana matangi yalikuwa paani na mtu alipaswa kupanda kuchungulia kama yana kitu. Mtu huyo, sijui kwa nini, kila mara alikuwa mimi.

Basi siku moja katika siku hizo za kuita kunguru nikapanda, Filbert akanifuata. Wakati nimeinamia tangi, nikasikia mtu anakula. Nikageuka. Filbert alikuwa amechuchumaa mbele ya sahani ya majani makavu, na mdomo wake ulikuwa umejaa wali mweupe wa maziwa. Mkononi alishika nusu ya mkate mdogo wa kukaanga uliofura. Ule mwingine alikuwa ameshaumaliza.

"Ni mtamu," akaniambia.

Khalfani alipopata habari alishika kichwa. Alituambia tusubiri, kwamba kitu cha kwanza kuota kingekuwa manyoya ya kwapani. Jioni ile Filbert alijikagua kwapa kila baada ya dakika mbili, na ilipofika saa ya kulala alianza kulia kwa kwikwi huku akiniuliza kama nitaendelea kumpa chakula akishakuwa ndege. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Lakini asubuhi nikamshika mkono, nikapanda naye mpaka ghorofa ya tatu, nikagonga mlango wa mchawi nimwombe dawa.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri, miwani imefungwa kwa uzi masikioni, na sindano mbili amezichomeka begani kwenye sari.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani kawafundisha kugonga mlango kama polisi?"

Alisema Kiswahili cha pwani ya kusini, cha watu wa kwetu kabisa, kizuri kuliko cha mwalimu wangu. Nilishtuka kuliko kama angebweka. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: sahani, wali, manyoya. Yeye akamtazama Filbert kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Ulikula chote?"

Filbert akatikisa kichwa. "Nilibakisha kidogo."

"Sukari ilitosha?"

Filbert akafikiri. Ni mtoto aliyependa kujibu sawasawa. "Ilizidi."

Bibi yule akacheka. Alicheka akashika mlango, akavua miwani, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajipangusa macho kwa pindo la sari. "Hata yeye aliipenda ikizidi," akasema. "Nilimgombeza sana."

Huyo aliyegombezwa alikuwa mume wake, Umakant, aliyefariki miaka mingi nyuma. Alituketisha mkekani akatueleza, kwa utaratibu, kama mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa. Kwa Wahindu wenzake kila mwaka kuna siku zilizotengwa za kuwalisha waliokufa. Unapika alichokipenda marehemu, unakiweka juu ya paa, unawaita kunguru. Kunguru akila, marehemu amekula, na wewe unaweza kula. Asipokula, unakaa na njaa yako, maana huko aliko marehemu hajaridhika. Kazi hiyo hufanywa na mtoto wa kiume. Yeye hakujaliwa mtoto. Ndugu za mume wake waliokuwa Upanga walimwambia amwachie Vivek, mtoto wa shemeji yake, kwa kuwa si kazi ya mwanamke. Yeye akakataa, kwa sababu Vivek hakumjua hata huyo Umakant alipenda kula nini. Wakamsusa, naye akawasusa.

"Kwa hiyo nimekula chakula cha maiti?" Filbert akauliza, machozi tayari.

"Umekula chakula cha babu yako. Jana nilijiuliza, mbona kunguru hawagombani leo? Kumbe Umakant alipata mdomo mzuri zaidi."

Hivyo ndivyo uchawi ulivyokwisha, kwa watoto watatu wa jengo lile. Tulimpeleka na Khalfani, akakaa karibu na mlango wiki nzima, mguu mmoja nje. Mafurushi tukayafungua kwa mikono yetu: yalikuwa masari ya maharusi, yeye akiyapiga pindo na kushona blauzi za kuvaliwa nayo. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo Filbert akapewa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano, na hakuna cheo alichopata baadaye maishani kilichomvimbisha kichwa kama kile. Baba yake bibi alikuwa na duka Nachingwea. Alizaliwa huko, akakulia kwenye harufu ya korosho zinazokaangwa, na alijua kusalimia kwa Kimwera na Kimakua, akatucheka sisi tuliotoka huko na hatukujua hata kuitikia. Tuliongea naye mambo ambayo nyumbani hayakuwa na nafasi. Tulikwenda kwa siri, Mama akiwa sokoni, na tukishuka tulijitia hamnazo.

Mwaka uliofuata wakaja watu wa kupunguza kunguru.

Siwezi kuwalaumu. Kunguru walikuwa wamezidi mjini, walikuwa wanamnyang'anya mtu chapati mkononi, wanaua vifaranga, wanachafua nguo kambani. Watu hao waliweka vizimba vya waya juu ya mapaa ya mitaa yetu, na wengine walisema kulikuwa na sumu kwenye nyama. Ilichukua miezi michache. Watu walifurahi, Mama Badria alifurahi zaidi ya wote, na kweli asubuhi zikawa tulivu. Nakumbuka Bibi Harshida amesimama dirishani, sindano imesimama hewani.

"Mji umenyamaza," akasema. Aliposema hivyo nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa.

Siku ya Umakant iliangukia Jumamosi. Tulipanda kumsalimia tukamkuta paani, chini ya jua, sahani ya majani mbele yake, wali umeanza kukauka juu. Alikuwa ameanza kuita asubuhi. Sauti ilikuwa imemwisha, akabaki anapiga makofi mepesi na kutazama juu. Hakukuwa na kitu angani isipokuwa nyaya. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na midomo imekuwa ya kijivu.

"Kula, bibi," nikamwambia. "Atakuelewa."

"Nile kabla ya mwenye chakula?" Hakunitazama. "Amekula kila mwaka. Mwaka huu aje akute nimeshiba?"

Nikambembeleza, Khalfani akambembeleza. Akasema atakaa mpaka jua lizame, na kama hakuna aliyekuja basi, atajua. Hakusema atajua nini. Filbert alikuwa anamwangalia mikono.

"Kariakoo hawajaisha," Khalfani akasema.

Tulikimbia. Tulikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja katikati ya watu, tukaingia Kariakoo, mpaka nyuma ya mabanda ya kuku, kule wanakotupa utumbo. Walikuwepo, wachache, wajanja, wamekaa juu ya bati kama wazee wa kamati. Khalfani alitengeneza kitanzi cha uzi wa nailoni juu ya utumbo wa kuku, tukajificha nyuma ya matenga. Mchinja kuku mmoja akatuuliza kama tumefikia kula hao. Tulikosa, tukakosa tena, na nilikuwa nalia kwa hasira pale kitanzi kilipobana na uzi ukanikata kiganja. Filbert ndiye aliyemrukia. Alimfunika kwa sweta na kumlalia, na ndege akapitisha mdomo kwenye sufi akamfungua dole gumba mpaka nyama nyeupe ikaonekana.

Kwa hiyo tulipopanda ngazi tukamkuta Mama Badria, tulikuwa watoto watatu tunaonuka machinjio, mmoja ametapakaa damu, tumebeba kunguru hai, tunampelekea mwanamke mzee wa juu aliyekuwa anamsubiri. Sikatai: ukiitazama picha hiyo bila kujua kitu, inatisha. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nyuma ningekimbia.

Paani, Khalfani alikata uzi. Kunguru akaruka moja kwa moja mpaka kwenye bomba la tangi, akatua hapo, akajitikisa, akatutukana kwa lugha yake. Nilijua ataondoka. Bibi Harshida akakunja mikono kifuani, akaita mara moja tu, kwa ile sauti iliyobaki. Ndege akainamisha kichwa upande mmoja. Akashuka. Akatembea, kwa maringo, mpaka kwenye sahani, akachota wali, akachota tena, kisha akachukua mkate mzima mdomoni akaruka nao upande wa bandarini.

Bibi alikaa chini pale pale akamvuta Filbert, akakibusu kile kidole chenye damu. Halafu akafungua sufuria, akamega, akatulisha mmoja mmoja kwa mkono wake, naye akala, machozi yakimdondokea kwenye wali. Sijawahi tena kula chakula cha namna ile.

Hivyo ndivyo walivyotukuta. Mama Badria mbele, nyuma yake nusu ya jengo, na mwisho Baba, ameitwa kutoka kwenye meza yake, bado ana tepu ya kufungia mabegi kwenye kifundo cha mkono.

Jioni Baba alimkalisha Filbert kwenye ndoo, akamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akaniambia nieleze kila kitu, nisifiche. Nikaeleza. Nilianzia kwenye wali wa mwaka jana mpaka kunguru wa leo. Mama alikuwa anamnyonyesha mtoto nyuma ya pazia, akisikia. Baba alisikiliza vizuri, aliuliza pale asipoelewa, na nilipofika kwenye manyoya ya kwapani alicheka mpaka Filbert naye akacheka huku anaumia.

"Kumbe anatambika tu," Baba akasema. "Bibi wa watu anatambika."

Baba aliniamini. Nimejaribu kwa miaka kujiambia kwamba labda hakuniamini, ingekuwa nafuu. Lakini nilikuwa nimekaa mbele yake, nikauona uso wake ukilegea, na nikalala usiku ule na miguu ya Filbert usoni, moyo wangu mweupe.

Kesho yake Shukuru alikuja mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye korido. Alizungumza na Baba taratibu, mkono begani kwake. Mwenye jengo, alisema, amechoka na yule mama. Amekaa pale tangu enzi za mume wake, kwa makubaliano ya zamani, na hakuna namna ya kumtoa pasipo sababu. Sasa sababu imejileta yenyewe. Kinachotakiwa ni mzazi mmoja asimame kwenye kikao cha jengo amlalamikie.

"Na wewe familia yako kubwa, chumba kimoja," Shukuru akasema. "Ukilisimamia hili, ule mlango wa juu ni wako. Mimi nimeshaongea."

Baba alisimama pale muda mrefu baada ya Shukuru kuondoka, anakwaruza rangi ya mlango kwa kucha.

Kikao kilifanyika uani Jumapili ya wiki iliyofuata, watu wametoka kanisani, wengine wamemaliza swala ya adhuhuri. Mjumbe wa mtaa alipewa kiti. Bibi Harshida alishuka mwenyewe, akishika ukuta, akasimama kwa sababu hakuna aliyemletea kiti. Mama Badria aliongea kwanza, alichoona na alichokuwa hajaona. Baba Khalfani akasema mwanawe ameshampeleka Kilwa kwa bibi yake akasomewe. Kisha Baba akainuka. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

"Wanangu walitumwa," akasema. "Mwanangu amerudi na damu. Mimi ni mgeni katika mji huu, sina ugomvi na mtu, lakini watoto wangu siwezi kuwaacha wachezewe."

Uani kukapita mnong'ono. Bibi Harshida alimtazama Baba, si kwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu wa kwenu uliyemkuta ugenini.

"Baba Benedikta," akamwita kwa jina langu, "wewe mtu wa Masasi. Kwenu mnapiga magoti kwenye shina la mti wa msolo, mnamwaga unga, mnawaita wazee wenu kwa majina. Mimi nimekulia huko, nimeyaona. Wewe unamwaga unga chini, mimi naweka wali juu. Mbona unanitenga?"

Ilikuwa Krismasi ya miaka miwili kabla ya kikao kile tulipokwenda kijijini, kwa sababu meza ya Baba ilikuwa haiuzi. Nilimwona kwa macho yangu amepiga magoti kwenye msolo nyuma ya kaburi la babu, unga umemkaa kwenye vidole, anaomba biashara.

"Mimi ni Mkristo, mama," Baba akasema. "Hayo mambo siyajui."

Nikasimama. Hakuna aliyenituma. "Baba, si ulisema anatambika tu? Si ulicheka?"

Mama akanivuta gauni nikae. Halafu sauti ya Mama Badria, yenye huruma kabisa, ikasema, "Mmesikia? Mtoto keshalishwa huyo. Si mwenyewe anayeongea."

Nilimtazama Baba. Alikuwa na nafasi. Nadhani hata mjumbe alimsubiri. Baba akakunja mikono ya shati lake, kwanza huu, kisha ule.

"Mmemsikia wenyewe," akasema.

Walikubaliana kwamba, kwa usalama wake mwenyewe, mama huyo arudi kwa ndugu zake. Shukuru alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Bibi Harshida hakubishana. Aliniangalia mimi, akafanya ishara ndogo ya mkono, kama kuniambia kaa, yatosha. Vivek alikuja na gari katikati ya wiki, na sisi tulikuwa shule. Nilirudi nikakuta amekwenda.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa kidato cha pili, nimetoka kumwona shangazi hospitali, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa Upanga, anamsubiri mtu amlipie bajaji. Mguu mmoja walikuwa wamemkata, sukari. Nikapiga goti nikamwamkia. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akauliza kama kidole cha Filbert kilipona, au kilibaki na kovu. Nikamwambia kilibaki na kovu. Akauliza kama bado anaona vizuri, kama bado anaweza kutunga uzi kwa mara moja. Nilisubiri aulize nani anakaa nyumbani kwake. Hakuuliza. Nadhani alijua, na hakutaka niwe mimi wa kumjibu. Nikamwuliza kama Umakant anakula. Akasema huko kwa shemeji zake paa limefungwa kwa kufuli, ila Vivek husema anamwekea. Akasema "husema" kwa namna ambayo nilitamani kumrudia Baba na kumpiga.

Lakini nilirudi nyumbani, nikamwamkia Baba, nikampakulia chakula. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Hajawahi kunipiga, alinilipia shule mpaka mwisho, na watu wa kanisani walimwamini na sadaka zao. Uchungu wangu ungekuwa mwepesi kama angekuwa mbaya. Nilikua nikimwogopa mwanamke wa juu kwa hadithi za Khalfani, na zilikwisha kwa swali moja la sukari. Kilichoingia badala yake hakijakwisha mpaka leo, na mtu niliyemwogopa alikuwa anakula nami sahani moja.

Tulihamia juu baada ya kikao kile, mwezi haujaisha. Shukuru alimkabidhi Baba funguo mbele ya watu, Baba akatangulia, Mama akafuata na mtoto mgongoni na jiko la mkaa mkononi. Niliwasikia wakifungua, kisha sikusikia kitu. Nilipoingia, Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kwanza, bado ameshika jiko.

Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa. Rafu za jikoni zilikuwa zimefutwa na kutandikwa magazeti mapya, pembe zake zimekunjwa vizuri. Kuta zilikuwa zimepanguswa pale makochi yalipokuwa, na kwenye sinki hapakuwa na hata punje. Mwanamke mzee mgonjwa, aliyefukuzwa mbele ya mtaa mzima, alikuwa ametumia siku zake za mwisho kumwandalia nyumba mtu atakayeingia, kwa kuwa kwake yeye mtu hamkabidhi mwenzake nyumba chafu.

"Ameosha mpaka madirisha," Mama akasema. Akaweka jiko chini, akakaa kwenye sakafu ile safi, akaficha uso kwenye kanga.

Baba alikwenda dirishani akatazama nje. Nilisubiri aseme kitu chochote.

"Leteni vitanda," akasema.

Filbert akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukapandisha. Mimi nikapewa chumba cha ndani, peke yangu, chenye mlango. Usiku ule hapakuwa na miguu ya mtu usoni kwangu kwa mara ya kwanza maishani, na ningependa kusema sikupata usingizi. Nililala fofofo.